Meza ya Walioshindwa

Jumuiya ya Vyuo vya Nyanda za Kati, baada ya kikao cha faragha kilichofanyika katika hoteli moja jijini Dallas, ilipenda kuwatangazia wanachama, wanafunzi, wahitimu na mashabiki wake wote kwamba upanuzi wake kutoka vyuo vinane hadi vyuo kumi na vinane ulikuwa hatua ya kihistoria. Kwamba hatua hiyo ilizingatia kwanza maslahi ya wanafunzi wanamichezo. Na kwamba michuano ya jadi, ambayo ndiyo roho ya futiboli ya vyuo, ingeendelea, tena ingelindwa na kuimarishwa kuliko wakati mwingine wowote.

Verna Goertzen wa mji wa Pruett, Kansas, alilisikia tangazo hilo redioni akiwa jikoni anamenya viazi, na akalielewa vile vile lilivyosemwa. Watu wazima wenye uzoefu hawafanyi hivyo, lakini Verna alikuwa mtu wa kuamini alichoambiwa.

Umri wake ulikuwa sabini na kidogo. Kazi yake yote aliifanya kwenye mizani ya ghala la ushirika, mahali ambapo kila mavuno malori ya ngano yalipanga foleni mpaka barabara kuu, na yeye akikaa ndani ya kibanda cha kioo akiyapima yakiingia yamejaa na yakitoka matupu. Mumewe, Elvin, Verna alimpenda kwa kiasi kilichotosha ndoa ndefu. Kanisa lake la Mennonite alilipenda kwa desturi. Timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Pruett, futiboli ile ya Kimarekani ya kukimbia na mpira mikononi, aliipenda bila sharti lolote, akiwa amekaa miaka nenda miaka rudi katika viti vile vile viwili vya upande wa mashariki, jua likimpiga usoni kipindi chote cha pili, na hakuwahi kuomba kuhamishwa.

Mwendo wa saa moja na nusu kusini kwa Pruett kuna mji wa Kessler, nao una chuo chake na timu yake. Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, timu hizo mbili zilikutana, mwaka huu kwenu, mwaka ujao kwetu, tangu enzi ambazo wachezaji walisafiri kwa treni na kofia zao zilikuwa za ngozi. Katika enzi hizo, inasemekana, theluji iliifunga njia ya reli baada ya Pruett kushinda ugenini, na wenyeji wakajikuta wanawalisha siku mbili watu waliotoka kuwaaibisha. Wengine husema ilikuwa siku moja, na kwamba chakula kililipiwa. Vyovyote vile, ndipo ilipozaliwa Meza ya Walioshindwa. Aliyeshindwa mwaka jana anakuja mwaka huu na chakula, anakitandaza kwenye uwanja wa kuegesha magari saa chache kabla ya mchezo, na anamlisha aliyemshinda kwa mkono wake mwenyewe.

Meza ina masharti. Anayelisha hakai. Mchezo wa mwaka jana hautajwi. Na anayelisha haruhusiwi kuondoka mpaka mlaji wake atamke neno moja: nimeshiba. Kila familia ya Pruett ina mlaji wake Kessler, na kila familia ya Kessler ina wake Pruett. Mlaji wa Verna alikuwa Lorene Unruh, dada yake wa tumbo moja, aliyemzidi miaka saba na aliyeolewa huko Kessler na Merle Unruh, mkulima mpole wa maneno machache.

Nje ya Jumamosi hiyo moja, dada hawa hawakuonana. Baba yao aliwaachia shamba, nusu kwa nusu. Lorene na Merle waliibakiza nusu yao na kuishi juu yake. Verna, ambaye mumewe alikuwa na kiuno kibovu na hakuwa na mtoto wa kulima, aliuza ya kwake kwa bwana mmoja kutoka Oklahoma aliyemshika mkono, akamtazama machoni, akamwahidi kwamba atapanda ngano. Mwaka uliofuata bwana yule alijenga mabanda marefu ya nguruwe, maelfu ya nguruwe, kusini tu mwa nyumba ya Lorene. Upepo wa Kansas hutoka kusini. Lorene hakufoka wala hakuandika barua. Aliacha tu kwenda Pruett, na Verna akaacha kwenda shambani, simu zikanyamaza, na kwenye harusi na misiba ya ukoo wakawa wanakaa pande mbili tofauti za kanisa kama watu wa bwana harusi na watu wa bibi harusi.

Lakini Meza ilikuwa kubwa kuliko nguruwe. Mwaka ambao Pruett walikuwa wameshindwa, Verna aliamka mapema, akapakia trei ya biroki, ile mikate ya mviringo iliyojazwa nyama ya kusaga, kabichi na vitunguu, akaenda kumtafuta Lorene kwenye kiti chake cha kukunja nyuma ya gari la Merle. Mwaka ambao Kessler walikuwa wameshindwa, Lorene alikuja na trei yake. Na Lorene, ambaye siku nyingine zote hamalizi sahani, Jumamosi hiyo alikula biroki tano, sita, akitafuna polepole kama mtu anayesoma mkataba, ilimradi asifike kwenye lile neno.

"Hii kabichi umeikata na nini, shoka?" alikuwa akiuliza.

"Kisu cha mama, dada."

"Kumbe kisu cha mama kiko kwako."

"Kiko kwangu."

"Basi leo nimejua. Niongeze moja."

Ndivyo walivyopeana habari za mwaka mzima. Nani kazaa, nani kafanyiwa upasuaji wa goti, mchungaji gani kahamishwa na kwa nini hasa. Nguruwe hawakuguswa. Verna aliwahi kumwambia Elvin kwamba angeweza kupoteza kila kitu kwenye ratiba ya mwaka, Krismasi ikiwemo, mradi asipoteze ile Jumamosi. Elvin alijibu kwamba Krismasi hata yeye angeiacha.

Basi lilipotoka lile tangazo, Galen Penner alikuja kumwona Verna jikoni kwake. Galen alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Pruett, mtu wa suti na meno meupe, lakini alipokuwa kijana alifanya vibarua pale ghalani, akifagia vumbi la ngano chini ya dirisha la Verna, na kwa sababu hiyo Verna alimwona mtu wa nyumbani. Upanuzi, ingawa ulikwisha kutangazwa, ulikuwa bado unahitaji kura sita za vyuo vinane vya zamani. Vitano vilikuwa tayari. Kessler na chuo kingine kimoja walikuwa wamekataa hadharani. Pruett ndio waliokuwa wakingojewa.

"Bi Verna, watu wanaogopa," Galen alisema. "Mimi nikisimama, watasema nasoma karatasi. Wewe ni mwenyekiti wa Meza. Ukisimama wewe, watasikia."

"Nisimame niseme nini?"

"Ukweli tu. Kwamba mchezo wa Kessler upo."

"Upo?"

"Umelindwa."

Elvin alikuwa nyuma ya gazeti. "Umelindwa na nani?"

"Na Jumuiya, mzee."

"Unalindwa dhidi ya nani?"

Galen alicheka kwa adabu. Elvin akafunua ukurasa. "Nauliza kwa sababu naona anayelinda na anayetishia wana anwani moja."

"Elvin," Verna akasema, "mpe mgeni sukari."

Galen alitia vijiko viwili, akakoroga, akaweka mkono juu ya mkono wa Verna. "Mimi nimekula hiyo Meza tangu navaa suruali za kurithi. Unadhani mimi naweza kuwa mtu wa kuiua?"

Verna hakudhani hivyo. Juma lililofuata alisimama katika ukumbi wa shule ya sekondari, mbele ya watu waliokuja wakiwa wamekasirika na wamevaa jezi, akasema maneno machache. Alisema yeye si msemaji. Alisema Galen amemjua tangu akiwa na ufagio. Alisema ameahidiwa kwamba Meza itakuwepo kila mwaka, na kwamba yeye anaamini. Watu wakapiga makofi, wengine kwa sababu wameridhika na wengine kwa sababu ilikuwa aibu kutompigia makofi Verna. Kituo cha televisheni cha mkoa kilikirudia kipande hicho wiki nzima. Siku chache baadaye Pruett walipiga kura ya sita.

Jumamosi ya Novemba ile, ya mwisho chini ya ratiba ya zamani, ilikuwa zamu ya Lorene kulisha, kwa kuwa Kessler walikuwa wameshindwa mwaka uliotangulia. Alisimama mbele ya Verna na trei yake, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Nilikuona kwenye televisheni," alisema.

"Nilikuwa nimevaaje?"

"Vizuri. Ile rangi inakufaa." Alimwekea biroki nyingine. "Umeamini kweli?"

"Nimeamini."

"Haya," Lorene akasema, na akaanza kueleza habari za binamu yao aliyenunua farasi katika umri ambao wenzake wananunua fimbo.

Mchezo wenyewe Pruett waliupoteza katika dakika ya mwisho, mpira ulipomteleza mikononi kijana mmoja ambaye jina lake mjini halitajwi hadi leo. Verna aliumia kama watu wote, lakini njiani kurudi kwenye gari alimwambia Elvin, "Basi mwakani ni zamu yangu," na Elvin akatambua kwamba mkewe hakuwa amehuzunika kiasi kile.

Ratiba ya kwanza ya Jumuiya mpya ilitangazwa kiangazi kilichofuata, kwenye televisheni, katika kipindi maalumu chenye muziki wa ngoma nzito na watu wanne waliovaa tai wakijadili matokeo ya michezo isiyochezwa. Verna na Elvin waliwaalika majirani. Kulikuwa na maandazi ya jamu na chai ya barafu. Chuo baada ya chuo kilitokea kwenye kioo, kila kimoja na mpinzani wake wa kudumu, yule atakayekutana naye kila mwaka. Ilipofika zamu ya Pruett, mpinzani wa kudumu akatokea pembeni: Chuo Kikuu cha Coral Bay, Florida.

Mtu mmoja sebuleni akauliza kama kuna Coral Bay nyingine, ya Kansas.

Verna aliisoma orodha yote mpaka chini. Kulikuwa na Arizona, kulikuwa na California mara mbili, kulikuwa na chuo kimoja cha North Carolina ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia. Ile Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Pruett walikuwa Florida, saa mbili usiku. Kessler hawakuwemo. Aliisoma tena, akianzia chini.

"Labda wamesahau," Elvin akasema.

"Wamekumbuka North Carolina," Verna akajibu.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Galen. Alikuta mazulia mapya. Galen alimkaribisha kiti, akamwita Bi Verna mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaanza kueleza. Vyuo vikiwa vinane, kila kimoja kinakutana na vyote na nafasi zinabaki. Vikiwa kumi na vinane, haiwezekani, msimu hautoshi. Kwa hiyo kila chuo kina mpinzani mmoja wa kudumu, na wengine wanakwenda kwa mzunguko.

"Na sisi na Kessler?"

"Mmelindwa. Kwenye mzunguko. Miaka miwili mnacheza, miaka miwili mnapumzika."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu tumeanza na mapumziko."

"Na mwakani?"

"Ndiyo mapumziko yenyewe, Bi Verna. Ni miaka miwili."

Verna aliangalia mkoba wake uliokuwa mapajani. "Galen, uliniambia umelindwa."

"Na umelindwa. Kuna michuano mingine imefutwa kabisa. Wenzenu wengine wanalia."

"Ukanisimamisha mbele za watu nikasema kila mwaka."

"Mimi sikusema kila mwaka." Alisema hivyo kwa upole, na kusema kweli alikuwa sahihi, kila mwaka lilikuwa neno la Verna. Yeye alikuwa amelisikia likisemwa ukumbini, akapiga makofi.

"Nani aliyepanga wa kudumu?"

Galen alisogeza kikombe chake. "Kila chuo kiliombwa kutaja mmoja. Wawili mkitajana, mnapewa."

"Kessler walimtaja nani?"

"Walitutaja sisi."

Verna aliuliza lililobaki, ingawa jibu alikuwa amekwisha kulipata. "Na sisi?"

Galen alitazama dirishani, ambako vijana walikuwa wakibadilisha nyasi za uwanja. Akasema Coral Bay ina watazamaji wengi sana wa televisheni. Akasema saa mbili usiku ni saa ambayo kila chuo nchini kinaililia. Akasema siku moja Verna ataona ulikuwa uamuzi wa kuinusuru timu anayoipenda. Verna alisimama, akashukuru kwa kiti, akaondoka. Baadaye alijilaumu zaidi kwa kule kushukuru kuliko kwa jambo lingine lolote.

Hakusimama tena mahali popote kusema kitu. Mjini watu walimsalimia kwa sauti ya chini, kama anayetoka hospitali. Kamati ya Meza ilikutana mara moja na kuamua kuahirisha shughuli zake mpaka mchezo utakaporudi, uamuzi uliopita bila kupingwa kwa kuwa mwenyekiti alinyamaza. Huko Kessler, kwa habari zilizofika kupitia kanisani, walikuwa wakisema mengi, na jina lake lilikuwa ndani.

Ijumaa ya kabla ya ile Jumamosi, Elvin aliingia jikoni akakuta unga umeumuka, kabichi imekatwa na nyama iko motoni inachemka na vitunguu.

"Mama, hakuna mchezo na Kessler kesho."

"Mwaka jana tulishindwa au hatukushindwa?"

"Tulishindwa."

"Basi kuna mtu anatakiwa kulishwa."

Elvin alikaa. "Na utamlishia wapi?"

"Kessler wanacheza kwao kesho na wale wa California. Niliona kwenye ratiba. Lorene hakosi mchezo. Atakuwa kwenye kiti chake nyuma ya gari la Merle, na mimi nitakuwa na trei. Hakuna sharti linalosema lazima wanaocheza tuwe sisi."

Elvin alifikiri juu ya masharti yote aliyoyajua, akakiri kwamba hilo kweli halimo. Kiuno kilikuwa kinamsumbua, hangeweza safari. Alibaki kufunika biroki kwa taulo.

Asubuhi Verna aliendesha gari kusini katikati ya mashamba ya ngano changa, meza ya kukunja ikigonga-gonga nyuma. Kitu kimoja tu hakukifanya, na mtu mwingine yeyote wa kizazi chake, Pruett au Kessler, asingekifanya pia: hakuuliza kama mchezo ni leo. Futiboli ya vyuo huchezwa Jumamosi. Kwake kuuliza hivyo kungekuwa sawa na kumpigia mchungaji simu kumuuliza ibada ya Jumapili ni siku gani.

Uwanja wa kuegesha magari wa Kessler ulikuwa mtupu mpaka mwisho. Mlinzi mmoja mwenye kitambi alikuwa akipuliza vikombe vya karatasi kwa mashine ya mgongoni. Alipomwona aliizima.

"Umepotea, mama?"

"Mchezo ni saa ngapi?"

"Ulikuwa jana usiku."

"Jana ilikuwa Ijumaa."

"Televisheni walihamisha. Juma lililopita hivi. Hata wapiga tarumbeta nusu hawakuja, walikuwa kazini." Aliangalia trei iliyokuwa kwenye kiti cha mbele. "Hizo ni biroki?"

"Si zako. Ni za aliyetushinda."

"Wewe ni wa Pruett?" Alivua kinga za masikio. "Mimi nilicheza hapa zamani. Mlinzi wa pembeni, hata kama tumbo linakanusha."

"Uliwahi kutufunga?"

"Mara moja. Kwenye matope."

Verna alimpa moja. Alisimama akingoja, kwa mazoea, mpaka mlinzi yule aliyeimaliza kwa mikupuo mitatu aliposema, "Nimeshiba, mama," na akalisema kama anayejua uzito wa neno hilo. Kisha Verna akarudi garini. Njia zilikuwa mbili, kaskazini nyumbani kwake na magharibi shambani kwa Lorene. Akawasha gari, akashika ile ya magharibi.

Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya. Upepo ulikuwa wa kusini. Merle alifungua mlango wa mbao. Ule wa wavu wa nje aliuacha na komeo lake.

"Shemeji," Verna akasema.

"Verna." Merle alitazama trei. "Hakuna mchezo leo."

"Nimeambiwa."

"Ulikuwa jana."

"Nimeambiwa hilo pia."

Kutoka ndani sauti ya Lorene ikauliza ni nani. Merle aligeuza kichwa. "Walioshindwa," akasema.

Lorene alikuja akasimama nyuma ya wavu, mikono imefutwa kwenye aproni. Alikuwa amepungua.

"Umekuja," alisema.

"Tulishindwa, dada. Nimeleta."

"Meza iko wapi?"

"Iko garini. Kule uwanjani hakuna mtu."

"Hapa si uwanjani."

"Najua hapa ni wapi."

Harufu ya nguruwe ilipita katikati yao, ikaingia ndani bila kubisha. Verna akasema, "Nimejua kwamba nyie mlitutaja. Mimi sikujua kwamba watu wetu walitaja wengine. Nataka ujue hivyo."

"Sijasema ulijua."

"Watu wanasema."

"Watu wanasema ulihongwa. Mimi ndiye niliyewaambia hapana, huyo hajawahi kuhongwa hata peremende. Huyo huahidiwa tu, na akiahidiwa anashukuru." Lorene aliongea kwa sauti ile ile ya habari za binamu na farasi. "Yule wa Oklahoma alikuahidi ngano."

Tangu mabanda yalipojengwa hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele ya mwenzake.

"Aliahidi," Verna akasema.

"Galen wako akakuahidi mchezo."

"Aliahidi."

"Hao mimi siwajui, Verna. Siwezi kuwakasirikia watu nisiowajua. Ninayemjua ni wewe. Na kila ukiamini mtu, anayelipa ni mimi."

Merle alikohoa, akajikuta ana jambo la kufanya kwenye kibaraza, akatokea mlango wa nyuma na kuja kusimama chini ya ngazi. Lorene aliliondoa komeo. Aliusukuma mlango wa wavu kiasi cha kupitisha mkono, akainua taulo, akachukua biroki moja. Aliila pale pale, kasimama kizingitini, polepole, mpaka kipande cha mwisho. Verna alishika trei kwa mikono miwili bila kusogea. Moyoni alikuwa ameanza kupanga habari: kiuno cha Elvin, mchungaji mpya, mjukuu wa jirani. Zilikuwa zinatosha biroki sita.

Lorene alipangusa vidole. "Kabichi imeiva vizuri," akasema. Halafu akasema, "Nimeshiba."

Akageuka akaingia ndani. Nyayo zake zilisikika mpaka jikoni, kisha maji ya bomba.

Verna alibaki amesimama. Merle akapanda ngazi, akaichukua trei mikononi mwake kwa uangalifu, kama anayepokea mtoto wa mtu.

"Zitaliwa," alisema. "Usidhani hazitaliwa."

"Trei ni ya mama yetu."

"Nitairudisha."

"Lini, shemeji?"

Merle alitazama shamba, upande usio na mabanda. Kwenda Pruett nyumbani kwa Verna lilikuwa jambo ambalo Lorene alikwisha kuliacha, kwa hiyo na yeye aliliacha. "Kwenye mchezo," akasema hatimaye. "Si wanasema upo kwenye mzunguko?"

"Mwaka wa tatu."

"Basi mwaka wa tatu. Nitaileta mwenyewe. Na yeye nitamleta."

Verna alirudi nyumbani kabla jua halijazama. Usiku Elvin alikuwa kwenye kiti chake, redio ikitangaza kutoka Florida, ambako Pruett walikuwa nyuma kwa pointi nyingi na mtangazaji alikuwa akisifia hali ya hewa.

"Amesemaje?" Elvin aliuliza.

"Ameshiba."

"Baada ya ngapi?"

"Moja."

Elvin alinyoosha mkono akaizima redio. Hakuwahi kuizima kabla mchezo haujaisha, hata timu ilipokuwa ikipigwa vibaya kuliko hivyo.

Mwezi wa Januari Jumuiya ilikaribisha vyuo vingine viwili, na mzunguko wa miaka minne ukafutwa ili upangwe upya kuanzia mwanzo. Mwezi wa Machi Verna alinunua trei nyingine.